Kitambaa cha Mama Juu ya Kompyuta

Sisi tuliokulia Upare, juu kabisa kule Chome ambako asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi, tulilelewa kwa kufunika. Kila kitu kilifunikwa. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilikuwa na kifuniko chake, na juu ya kifuniko kitambaa. Ndizi za kuivisha zililazwa shimoni na kufunikwa majani makavu. Makande yaliyobaki yalifunikwa kwa sinia, na juu ya sinia likawekwa jiwe, maana paka wetu alikuwa na akili kuliko baadhi ya watoto niliokaa nao darasa la kwanza. Sisi wenyewe tulifunikwa blanketi moja watu wanne, vichwa huku miguu kule, na aliyelala pembeni alijua fika kwamba atakapoamka atakuwa ameshika upindo tu, blanketi lenyewe liko kwa wengine.

"Kisichofunikwa ni mali ya vumbi," mama alikuwa akisema, na hakusema kwa utani. Jioni alikaa jikoni na sindano yake ya kufumia, moshi wa kuni za mkaratusi ukimtoa machozi, akifuma vitambaa vyeupe vyenye maua. Vya viti, vya meza, vya ndoo ya maji ya kunywa, vya picha ya harusi yao ukutani. Mtu akikaa kwenye kiti chetu akainuka na kitambaa kimemng'ang'ania mgongoni, hatukucheka mpaka aondoke.

Kitambaa kizuri kuliko vyote kilivaliwa na redio. Baba alikuwa na redio moja kubwa, ya betri, iliyokaa kwenye rafu peke yake kama mgeni wa heshima, na ninyi wa rika langu mtanishuhudia kwamba redio za nyumbani zilivaa vizuri kuliko watoto wa nyumbani. Betri zikichoka, baba alizianika juani kwenye bati ili zipate nguvu ya siku mbili tatu. Taarifa ya habari ikikaribia, alinawa mikono, akakishika kitambaa kwa ncha mbili, akakiinua. Majirani walikuwa wamekwisha kaa. Mtoto aliyekohoa alitolewa nje akakohoe huko. Taarifa ikiisha na matangazo ya vifo yakiisha, baba alizima, akaifunika, na nyumba ikarudi kwenye mazungumzo ya tangawizi na maharage. Redio ile ilidumu mpaka baba akazikwa, na siku anazikwa ilikuwa bado nzima. Vijana wa leo simu ikipata mwaka wanasema imezeeka, kioo kikipasuka wanasema "imezingua", wanatafuta nyingine. Ile adabu ya baba ya kunawa mikono kabla ya kugusa redio wangeiita jina gani, sijui.

Basi nilipoolewa nikashuka Same, nilishuka na tabia zangu zote za mlimani. Lakini Same si Chome. Same jua linakaa juu ya bati kutwa nzima kama lina kesi na mwenye nyumba. Upepo unaleta vumbi jekundu kutoka kwenye mashamba ya katani, unaingiza chini ya mlango, dirishani, ndani ya chumvi. Mwenzenu nikaona hapo ndipo mafunzo ya mama yanapohitajika hasa. Nikafunika kila kitu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi karibu na stendi. Simu za vidole zilipoenea kazi ikapungua, kisha yeye mwenyewe akaugua akaondoka, na kilichobaki cha chumba kile nikakileta nyumbani: meza, kiti cha kuzunguka kisichozunguka tena, na kompyuta yenye boksi lake refu la kusimama. Mungu hakutujalia watoto. Nina chumba kimoja nakikodisha kwa dereva wa lori ambaye halali humo zaidi ya mara chache, na nashona sare za shule muhula unapokaribia. Muhula ukishafunguliwa, cherehani hukaa kimya, nami hukaa kimya nayo.

Kompyuta ile ilikuwa na kazi moja tu iliyobaki, na ndiyo iliyonifanya niipende. Tulipomzika mama, kabla ya kutawanyika, ndugu tuliobaki tulikubaliana kwamba kila Jumapili baada ya kanisa tutakutana kwa mtandao, maana mlimani hakuna tena wa kutukutanisha. Kaka yetu mkubwa Eliamani yuko Dodoma. Dada Anna yuko Mwanza. Mdogo wetu Yona yuko Dar es Salaam, na binti yake ndiye aliyetufundisha namna ya kuingia. Siku za mwanzo ilikuwa raha tupu. Nyuso nne kwenye kioo, kila mtu anaongea, Yona anaimba sauti ya nne ya nyimbo za kwaya ambayo hajawahi kuiweza, Anna anaonyesha sufuria yake ili tuone anapika nini. Baadaye kamera zikaanza kuzimwa. Mmoja yuko njiani, mwingine anapiga pasi. Uso ukageuka kuwa duara la rangi lenye herufi moja. Mimi yangu sikuzima. Nilivaa nguo ya kanisani, nikakaa, nikasikiliza, kwa kuwa sina habari nyingi za kusimulia za chumba kimoja na cherehani.

Boksi la kompyuta nilikuwa nimelivisha kitambaa cha mama, kikubwa, kinachoshuka mpaka nyuma. Kioo nilikifunua ili niwaone. Boksi sikuona lina haja gani ya kuonekana. Mwaka huu joto lilipozidi, likaanza kukoroma. Kwanza kidogo, kisha kama mashine ya kusaga. Nikawa siwasikii ndugu zangu vizuri. Kaka anaomba, mimi nasikia ngurumo na "amina". Kwa hiyo nikachukua kitenge kizito nikaongeza juu ya kitambaa ili kelele ipungue. Na ilipungua kweli. Nikamsikia Anna vizuri akimcheka Yona, nami nikacheka, na katikati ya kicheko kioo kikawa cheusi. Harufu ikatoka, ile ya pasi iliyosahauliwa juu ya nailoni. Nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kimya.

Nilimwita Fundi Shabani, ambaye ana kibanda karibu na soko na hutengeneza kila chenye waya, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mgonjwa wako huyo hapo."

Akafungua ubavu wa boksi. Akatazama ndani muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akavuta kwa vidole donge la vumbi jekundu lililosokotana na nyuzi nyeupe, kubwa kama kiota.

"Mama, hii mashine ulikuwa unaitumia au unaipika?"

"Imefanya nini?"

"Imekufa kwa joto. Feni imekabwa hapa, haizunguki. Ilikuwa haipigi kelele?"

"Ilikuwa inapiga."

"Ukafanyaje?"

"Nikaongeza kitenge."

Fundi Shabani akaweka bisibisi chini. Alicheka mpaka akavua kofia akajifutia macho. "Yaani mgonjwa homa inapanda, analia apate hewa, wewe unamwongezea blanketi!"

"Kwetu ndivyo tunavyotibu," nikamjibu, na sikuwa namtania. Tukiugua, mama alichemsha majani ya mkaratusi kwenye chungu, akakuinamisha juu yake, akakutupia blanketi zito juu ya kichwa. Ulilia, ulitaka kutoka, mkono wake ulikukandamiza palepale. "Vumilia, homa inatoka." Ukitoka hapo umelowa jasho, kamasi zimefunguka, unapewa uji wa moto na unaweza kucheza kesho yake. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kiumbe hapa duniani ambacho dawa hiyo inakiua.

Alipomaliza kucheka akajaribu hiki na kile, siku mbili nzima, kibandani kwake. Akarudi na jibu. Kumbukumbu zilizomo ni salama, akasema, zimekaa mahali pengine. Kilichokufa ni prosesa, ambayo ndiyo ubongo. "Mpya sikushauri mama. Kwa mashine ilivyozeeka, ni kumvisha bibi kizee shela. Tutafute ya mtumba. Ila lazima iwe ya ukoo wake, nyingine haikai. Itabidi tusubiri ife mashine ya aina hii, ife kwa ugonjwa mwingine, tuchukue ubongo."

"Itachukua muda gani?"

"Hiyo ni siri ya Mungu na ya hao wenye mashine. Kwani huna simu kubwa ukaongea nao?"

Sina. Nina kitochi, cha vitufe, na sikuwa na uwezo wa kununua kingine wakati sare za muhula zilikwisha kushonwa na fedha yake ilikwisha kuliwa. Lakini kitochi changu kinashika mtandao, kina chaji, na namba yake hao ndugu zangu wote wanayo. Nikasema moyoni, anayenitaka ananipata. Sikumpigia mtu. Sikusema kwamba mashine imekufa. Mama alitufundisha kwamba shida ya nyumba yako huianiki kwenye kamba ya jirani. Lakini zaidi ya hilo, nilitaka kuona ni nani atakayeuliza. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mimi kesi yangu ilikuwa ndogo kuliko kuku: nilitaka tu kuulizwa uko wapi.

Kwetu zamani kuulizwa hakukuhitaji kesi. Bwawa letu la kumwagilia mashamba, ndiva, likipasuka ukingo, pembe ilipulizwa alfajiri na kila nyumba ilijua ni msaragambo. Ulitoa mtu na jembe, mkaenda kazi ya wote. Sisi watoto tulibeba udongo kwenye makarai yaliyotoboka, tukifika bwawani udongo nusu umetumwagikia shingoni. Wanaume waliimba, akina mama walileta makande ya maharage mabichi, yakiliwa ya moto kwenye majani ya mgomba, na matope yalitufika magotini. Na jioni, wazee walipita kwenye nyumba ambayo haikutoa mtu. Kama kuna mgonjwa, kesho yake aliletewa kuni. Kama ni uvivu, alifokewa mbele ya mkewe na kutozwa faini. Nilikuwa nikiwaonea huruma hao waliofokewa. Sasa hivi ningefurahi hata kufokewa.

Jumapili ya kwanza ikapita. Nilitoka kanisani, nikala, saa yetu ilipofika nikajikuta nimekaa kwenye kiti kile kisichozunguka, na gauni langu la kanisani, natazama meza tupu. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Malori yalipita barabara kuu. Nikaweka kitochi mezani, kioo juu, ili kikiita nisichelewe. Jumapili nyingine nikafanya hivyo hivyo, na nyingine. Kiliita mara moja. Ilikuwa kampuni ya simu ikinitangazia bahati nasibu. Niliumia, sina njia nyingine ya kulisema. Kutoka uani kwangu naiona milima yote, wingu limeikalia juu, na siku hizo nilikuwa nikisimama pale na beseni la nguo nikiangalia upande wa kwetu, ambako nyumba ina kufuli na mlango hakuna wa kuufungua.

Jumapili za utotoni mwetu hazikuwa na kona ya kukaa peke yako hata ukiitafuta. Tulishuka kanisani mguu mtupu, viatu mkononi, tukavivaa mlangoni na kuvivua tena tukitoka. Mchana tulikata magogo ya migomba, tukayakalia na kuserereka mteremko mzima mpaka kwenye kijito, kaptula na magauni yakapata madoa ya utomvu ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Tulicheza rede, tulicheza kombolela mpaka tukagombana. Watoto wa leo nawaona hapa jirani, wamekaa watatu kwenye benchi moja, kila mmoja kainamia simu yake, wanacheka kila mtu na lake. Nilimuuliza mmoja wanacheza nini. "Tunachat bibi." Na nani? Akaonyesha kwa kidole aliyekaa kando yake.

Hatimaye mashine ikafa kule Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga. Ilikuwa ya mwenye kinu cha mpunga. Radi ilipiga, ikaunguza kila kilichomo isipokuwa ubongo, na ukoo wake ulikuwa uleule wa yangu. Fundi Shabani alinipasha habari hiyo akitabasamu kama mtu aliyeleta posa. Malipo tulikubaliana kwa kazi: yeye analeta kitambaa, mimi namshonea kanzu yeye na wanawe kwa ajili ya Idi, na tarizi kifuani. Nilishona kwa bidii kuliko nilivyowahi kushona kitu chochote. Alipokuja kuifunga mashine alisugua feni kwa brashi, akapaka juu ya prosesa dawa nyeupe nzito kama ya meno, na kabla ya kuondoka akanikunjia kitambaa na kitenge akanikabidhi mkononi.

"Mama, hii iache uchi."

"Aibu, fundi."

"Aibu yake ndiyo uzima wake."

Ikawaka. Ilinong'ona tu, haikukoroma. Siku hiyo nilipiga deki mara mbili bila sababu, na nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilikwisha panga nitakavyojibu wakiniuliza. Ningewasimulia kitenge, ningemwigiza Fundi Shabani anavyojifuta macho kwa kofia, na Anna angecheka mpaka akohoe.

Jumapili ikafika. Nikaingia. Maduara matatu yenye herufi: E, A, Y. Uso ulikuwa wangu peke yake. Kaka Eliamani akafungua kwa sala, ndefu, akawaombea wasafiri na wagonjwa. Anna akaeleza habari ya mguu wake. Yona akaeleza foleni za Dar es Salaam. Nilisubiri. Kaka akaanza kusema basi, ndugu zangu, tufunge kwa neno la baraka, ndipo nikaingilia.

"Samahanini jamani kwa kutoonekana."

"Kutoonekana lini?" kaka akauliza.

"Majuma haya yote. Kompyuta iliharibika."

Kisha kaka, kwa sauti yake ya upole, ile ya mzee wa kanisa:

"Aa, Namkunda. Si Jumapili iliyopita tulikuwa wote hapa? Nakumbuka kabisa. Hata ulicheka Yona aliposimulia ya mbwa wake."

Sijui habari yoyote ya mbwa wa Yona. Nilingoja Anna aseme neno, au Yona. Hakuna aliyesema. Kwao pia nilikuwepo.

"Basi nitakuwa nimechanganya siku, kaka."

"Umri huo," akasema, wakacheka, nami nikacheka nao. Tukafunga kwa baraka. Maduara yakaondoka moja baada ya jingine na nikabaki najitazama mwenyewe kwenye kioo, nimevaa gauni la kanisani.

Nilikaa pale mpaka jua likalegea. Nikakumbuka mwaka ule Anna aliponunuliwa viatu vipya kwa ajili ya kipaimara na mimi nikaambiwa nisubiri vyake vya zamani. Nilinuna. Nikapanda darini, juu ya meko, katikati ya mahindi yaliyoning'inizwa, nikajilaza kimya nione kama kuna mtu atakayejali. Chini mama alisonga ugali, akaupakua kwenye sinia, watoto wakanawa wakazunguka. Mama hakuhesabu vichwa. Aliitazama mikono tu. "Namkunda yuko wapi?" Baba akainuka, akatoka hadi ukingoni mwa shamba, akaita jina langu ng'ambo ya bonde. Ng'ambo wakaitika, nao wakaita juu zaidi, na waliokuwa juu wakaita kwa wenzao, mpaka nikalisikia jina langu likitoka kila upande. Ndani ya nyumba, Eliamani, ambaye kwa ugali alikuwa hangoji hata amina, aliurudisha mkono wake magotini. "Mimi sili mpaka aje," akasema, na nikaona kupitia ufa wa mbao kwamba analia.

Moshi ndio ulionifichua, nilikohoa. Nilichapwa, kisha nikalishwa, na Eliamani akanipa kipande chake cha nyama bila kunitazama.

Siku hizi uso wa mtu unafika Dodoma kabla hajafumba jicho, na enzi zetu sauti ya baba ilikuwa haivuki bonde la pili mpaka isaidiwe. Jumapili ijayo nitawasha tena, nitavaa gauni langu, kwa kuwa sina pengine pa kwenda kuonekana. Lakini siku ile darini nilikosekana kwa muda wa ugali kupoa tu, na mlima mzima ulikuwa ukiita jina langu.